Kicheko cha Upande wa Nne

Noeline Pascoe alikuwa na neno juu ya kila wimbo wa roki uliowahi kupigwa kwa gitaa la umeme, na neno lake lilikuwa la mwisho. Kila Jumamosi saa nne asubuhi aliketi mbele ya maiki ya redio yetu ndogo ya Port Hallam, miwani puani, kikombe cha chai mkononi, akazihukumu bendi tulizozipenda bila kuomba radhi. Sisi tulimsikiliza huku tukifua, tukikata nyasi, tukifuta vumbi jekundu la kiwanda cha chuma kwenye madirisha. Waliojaribu kupiga simu kubishana naye hawakurudia. Ukibisha mara ya kwanza anakujibu, ukibisha mara ya pili anakutaja jina hewani.

"Albamu ni upande mzima," alikuwa akisema. "Haikutengenezwa ili udonoedonoe. Anayeruka wimbo ni sawa na anayekula nyama ya pai akaacha ganda, halafu anamwambia mpishi ahsante."

Na tena: "Bendi haijulikani kwa wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza. Pale kila mtu kavaa nguo za kanisani. Nenda wimbo wa kwanza wa upande wa pili, uone nyumbani kwao wanakaaje."

Dakika tisa za dramu peke yake aliziita ruhusa ya kwenda chooni. Wapiga besi aliwapenda wote, hata wabaya, kwa sababu, alisema, ndio pekee wanaosikiliza wenzao. Ile bendi ya Adelaide tuliyokua nayo, Copper Mary, aliipa albamu mbili za mwanzo alama zote, na ya tatu akaizika. "Walipata pesa wakaajiri wapiga fidla arobaini," alisema. "Fidla arobaini, jamani, za kuficha kwamba hawana wimbo hata mmoja."

Lakini kilichomtia hasira kuliko vyote ni albamu za maonyesho, zile zinazodaiwa kunaswa ukumbini mbele ya watu. Alituambia zote ni uongo. Gitaa likikosewa hupigwa upya studio. Mwimbaji akikwama hurudia wiki ya pili akiwa amekunywa asali. Hata makofi hubandikwa, yakatolewa mji huu yakapelekwa mji ule. Kila shabiki wa kweli anajua hilo, na Noeline alilijua kuliko sisi sote.

Alibakiza moja tu. Ilikuwa santuri mbili, pande nne, jina lake *Usiku wa Port Hallam*, Copper Mary, ilinaswa katika ukumbi wa mji wetu tarehe ishirini Agosti, 1976. Hiyo hakuigusa kwa ulimi, na sisi hatukumuuliza kwa nini, maana tulijua. Kaka yake alikuwamo ndani.

Glen Pascoe alikuwa na miaka ishirini na miwili, mchomeleaji vyuma katika kiwanda cha meli. Noeline alikuwa na kumi na saba. Usiku ule walikwenda pamoja ukumbini, na rafiki wa Glen, Kelvin Hartigan, aliyekuwa akichomelea naye bega kwa bega, akawabeba kwenye gari lake, Holden ya kijani. Noeline alijipenyeza mbele hadi kifua chake kikagusa jukwaa. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Onyesho lilipokwisha hakumwona Glen, akarudi nyumbani kwa miguu na wasichana wenzake, masikio yakilia, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tena. Asubuhi kitanda cha Glen kilikuwa kimetandikwa.

Kelvin aliwaambia polisi neno moja tangu siku ya kwanza. Alisema walitoka wakati wa mapumziko. Glen alisema kichwa kinamuuma, anataka upepo, akaomba apelekwe gatini. Kelvin akamshusha mwanzo wa gati, akageuza gari, akarudi ukumbini. Basi. Koti la Glen lilipatikana juu ya mawe, limekunjwa. Walimtafuta ghubani, wakaichana mikoko kwa siku tisa, wasipate hata kiatu.

Watu walinung'unika, lakini walimwamini Kelvin kwa kuwa hawakuwa na la kuamini jingine. Kisha mwezi Machi santuri ikatoka.

Noeline aliinunua siku ile ile. Akaisikiliza kwa mpango, upande kwa upande, kama alivyosikiliza kila kitu. Mwisho wa upande wa nne, wimbo wa mwisho umekwisha, makofi yanaanza kufifia, mtu mmoja katika umati akapiga ukelele mrefu, "Oooooi!", kisha akacheka. Kicheko kikavu, chenye kupanda, kilichokatika juu kabisa. Noeline aliinama juu ya mashine. Akarudisha sindano. Akamwita mama yake kutoka jikoni. Merle Pascoe alisikiliza mara tatu akiwa amesimama, mikono ina unga, akasema, "Ni Glen." Akakaa chini sakafuni.

Na kama ni Glen, basi Glen alikuwa ukumbini hadi mwisho. Na kama alikuwa ukumbini hadi mwisho, Kelvin Hartigan alikuwa mwongo.

Noeline mwenyewe ndiye aliyeipeleka santuri kwa hakimu wa kuchunguza vifo. Iliwekwa mashine ya santuri mezani, mbele ya watu waliovaa tai, na upande wa nne ukachezwa wote. Wanasema hakimu aliomba ile sehemu ya kicheko irudiwe. Mwishowe aliandika kwamba haijulikani Glen alifikwa na nini, wala hakumtia mtu hatiani. Tuliomtia hatiani ni sisi.

Hakuna aliyempiga Kelvin. Hatukuwa watu wa hivyo, tulijisemea. Tulichofanya ni kuinuka. Akiingia baa, meza inainuka. Akikaa kula kiwandani, benchi linabaki tupu. Mchumba wake alirudisha pete kwa posta. Kiwanda cha meli kilipofungwa miaka miwili baadaye, watu walihama kwa mamia, na tukatazamia naye ahame. Hakuhama. Alinunua kibanda kando ya reli akawa anatengeneza mashine za kukatia nyasi, na tulimpelekea mashine zetu, kwa sababu alikuwa fundi hodari, tukaziacha getini bila kumsalimu. Mimi pia niliacha yangu.

Nyumbani kwa kina Pascoe, Jumapili ilipata desturi yake. Baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, Merle alifungua mlango wa nyuma, hata iwe baridi kiasi gani, hata upepo ulete vumbi jekundu hadi kwenye mito. "Apate pa kuingilia," alisema. Noeline akaweka upande wa nne. Walisikiliza wakiwa kimya hadi ukelele, hadi kicheko, na hapo Merle hujibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayemjibu mwanawe aliye uani: "Haya, mwanangu. Tupo."

Santuri huchakaa, na yeyote aliye nayo anajua hivyo. Kila ukiicheza sindano inachukua chake. Noeline alimaliza ya kwanza, akanunua ya pili, akaimaliza, akapata ya tatu katika duka la mitumba. Gitaa lilipotelea katika mchakacho. Dramu zikawa mvua juu ya bati. Lakini kicheko hakikuchakaa. Noeline aliapa kwamba kadiri muziki ulivyofifia, kicheko kilisogea mbele, kana kwamba mwenyewe alikuwa akipenya umati polepole kuja kwenye jukwaa. Aliogopa, na hofu yake hakumwambia mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa akitabasamu.

Merle alikufa mwaka 1998. Noeline akaendelea peke yake, mlango wazi. Jumapili moja, mchana kweupe, alikuwa ameinama kuifuta santuri kabla ya kuiweka, mashine haijawashwa, na kicheko kikatoka uani. Kikavu, kikapanda, kikakatika. Alisimama mlangoni. Uani kulikuwa na kamba ya nguo na kunguru mmoja. Tangu siku hiyo alikuwa akiiwasha mashine kwanza, ndipo anafungua mlango, ili ajue kipi kimetoka wapi.

Hivyo ndivyo alivyoishi mtu huyu aliyetuchekesha kila Jumamosi.

Alikuwa na kawaida moja studio. Kabla ya kuweka albamu alisoma maandishi yote ya jaladani, hewani, hadi jina la aliyeleta sandwichi. "Mtu akifanya kazi atajwe," alisema. Hakuwahi kuyasoma kimoyomoyo kwanza. Alisema ukionja chakula jikoni mezani huna njaa. Kwa hiyo toleo jipya la *Usiku wa Port Hallam* lilipoletwa mwaka 2019, sanduku zito lenye kijitabu ndani, Noeline alilifungua akiwa hewani, karatasi ikikwaruza maiki, mji mzima ukimsikia.

"Haya, wapenzi," alisema. "Leo ndiyo siku niliyowaahidi, *Usiku wa Port Hallam* yote, pande nne. Sitatukana mtu. Tunasoma kwanza. Kuna maneno ya fundi sauti hapa, mzee wa watu bado yu hai, Mungu ampe nguvu." Akaanza kusoma. Tulisikia jinsi gari la mitambo lilivyokwama barabarani, jinsi ukumbi ulivyokuwa na joto. Kisha: "'Bahati mbaya, dakika za mwisho za Port Hallam hatukuzipata. Mashine ilikata kanda kabla ya wimbo wa kufunga. Wimbo huo, pamoja na makofi na kelele zote zinazosikika mwisho wa upande wa nne, tulivichukua Perth, tarehe kumi na moja...'"

Akanyamaza.

Redio ikinyamaza mtu huidhani imeharibika. Mimi niliinuka nikaitikisa yangu. Nje mashine za nyasi zilizimika moja moja. Kulikuwa na pumzi tu, ya mwanamke mmoja, karibu sana na maiki.

"'...tarehe kumi na moja Septemba,'" alimaliza. Kisha akasema, si kwa sauti ya redio, "Glen alipotea tarehe ishirini Agosti." Akaweka sindano juu ya upande wa nne, kwa sababu alikuwa ameahidi, akavua vipokea sauti, akatoka.

Lorraine, mkuu wa redio, alimkuta koridoni anavaa koti, simu nyuma zikilia kwa zamu.

"Nol, keti kwanza. Umepauka."

"Wanasema nini?"

"Wamepiga saba tayari. Wote neno moja. Glen alikuwa Perth! Alikuwa hai, Nol! Huenda yu hai mpaka leo, ana wajukuu huko. Mmoja analia kabisa, anasema ni muujiza."

"Na Kel je?"

"Kel yupi?"

Noeline alimtazama hadi Lorraine akatazama chini. Akachukua santuri yake ya zamani, ile ya tatu, akatoka juani.

Njiani alikuwa na mawazo mawili, na yote yalimtisha. Glen aliwaacha kwa hiari, akamwacha mama yake afungue mlango kila Jumapili kwa miaka ishirini na moja, akaenda kucheka Perth. Au Glen alikufa tarehe ishirini, na tarehe kumi na moja Septemba akawapo katika umati wa mji asioujua, akiita. Hakujua lipi aliombe. Lakini chini ya hayo mawili lilikuwapo la tatu, lisilo na shaka: Kelvin alisema kweli, na aliyemzika akiwa hai ni yeye Noeline, aliyejua kuliko mtu yeyote mjini kwamba makofi hubandikwa. Alilijua. Alilisema hewani kila mwaka. Aliona aibu, lakini hakugeuka nyuma.

Kelvin Hartigan alikuwa amesimama getini kwake, mikono ina grisi, redio inazungumza ndani.

"Nimekusikia," alisema. "Nakusikia kila Jumamosi. Ingia, chai iko motoni."

Kilikuwa chumba kisafi chenye kiti kimoja. Alimpa Noeline kiti, yeye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kel, nimekuja..."

"Najua ulichojia."

"Ngoja niseme. Nilikusingizia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, lakini baadaye nilikuwa na thelathini, na hamsini, na sikuja. Naomba radhi. Jumamosi ijayo nitasema hewani, jina lako kamili."

"Sema," alijibu. "Watasikia Glen yu hai. Mimi hawatanisikia." Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa kama anataja hali ya hewa. "Unajua lililoniumiza si nyinyi. Nyinyi niliwazoea. Ni kwamba niliwaamini."

"Ulituamini vipi? Wewe ulikuwapo!"

"Nilikuwapo. Lakini siku ile kwa hakimu mashahidi tuliwekwa nje. Sikuisikia ile santuri. Mlango ulipofunguliwa nikaona nyuso zenu, na mama yako akaniambia, 'Kel, yumo. Anacheka.' Mama yako hakuwa mtu wa uongo. Nikasema basi, kama Glen alikuwa ukumbini hadi mwisho, mimi nilimpeleka nani gatini?"

Noeline aliishikilia santuri magotini.

"Miaka arobaini na miwili najiuliza, Nol. Aliketi kando yangu. Alivaa koti la Glen. Hakusema mengi. Niliendesha gari na nani? Ile Holden niliing'oa kiti cha abiria. Sikuweza kuendesha nikiwa nacho hapo pembeni, kinaonekana kama kina mtu." Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa alikuwa Glen."

Noeline alilia. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na alilia vibaya, kwa kelele. Kelvin alimwacha alie. Alipomaliza alimwonyesha kwa kidevu ile santuri magotini mwake.

"Ndiyo yenyewe?"

"Hujawahi kuisikia? Hata leo, redioni?"

"Uliposema Perth nilizima. Nikawasha tena baadaye, simu zimeshaanza. Nina mashine ya santuri mle chumba cha kulala. Albamu zao zile tatu ninazo."

"Ya tatu ya nini?"

"Ya tatu ni nzuri."

"Ya tatu ni takataka, Kel."

"Zile fidla nazipenda," alisema Kelvin, na kwa muda mfupi walikuwa watu wawili tu wanaobishana.

Akaileta mashine, akaiweka juu ya meza kati ya vikombe. Noeline mwenyewe akashusha sindano karibu na mwisho wa upande wa nne. Mchakacho, kishindo cha dramu, makofi yakapanda, yakaanza kushuka. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Ukelele ukaja, "Oooooi!", kisha kicheko, karibu mno, karibu kuliko vikombe.

Kelvin alikunja uso. "Rudisha."

Akarudisha. Walisikiliza tena.

"Huyo ni nani?" aliuliza Kelvin.

"Ni Glen, Kel. Sijui alikuwaje, lakini ni yeye."

"Nol." Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha Noeline kuliko kicheko. "Glen hakuwa akicheka hivyo. Nilikaa naye kiwandani miaka mitano. Glen hakuwa na sauti ya kicheko kabisa. Alikuwa akiinama, mabega yanatikisika, basi. Mara ya kwanza nilidhani analia. Hukumbuki?"

Noeline alifumba macho, akamtafuta. Alimwona Glen mezani, kijiko mkononi. Alimwona akiinama. Mabega yalikuwa yakitikisika, ndiyo, aliyaona waziwazi, na kichwani mwake, juu ya mabega yale, kicheko kikavu kilipanda na kukatika. Akamtafuta mlangoni, akamtafuta akiwa mtoto, akamtafuta mgonjwa. Kila mahali alimwona. Kila alipofungua kinywa, kicheko kilikuwa cha mtu wa Perth.

Mama yake alikuwa akimjibu nani, miaka yote ile? Nani alikuwa amefunguliwa mlango?

Aliinua sindano. "Kel, nisaidie. Alisema nini garini? Nakuomba. Neno lolote."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Waliniuliza saa, waliniuliza kama tuligombana." Kelvin akashika kikombe chake bila kunywa. "Aliniachia ujumbe wa kukupa. Niliporudi ukumbini sikukuona pale mbele, na kesho yake hukunifungulia mlango. Alisema, 'Mwambie Nol asinisubiri. Mwambie nimemwona anavyocheza pale mbele, nimefurahi.'"

Maneno yalikuwa ya Glen, hapana shaka. Noeline aliyarudia moyoni polepole, neno baada ya neno, akiomba yaje na sauti yake. Yakaja na sauti ile nyingine, ya santuri, hadi "nimefurahi", na ilipofika hapo ikacheka.